Mwaka Waliokufa Nzohe

Nilikutana tena na Salome kwenye mazishi ya Nyagudi, upande wa mlimani kutoka Kisian, na tukasalimiana kama watu wanaopimana. Tulishikana mikono, tukaulizana habari za watoto na za magoti, tukakubaliana kwamba marehemu ameenda vizuri, amezikwa na wanawe wote wakiwapo. Lakini hatukukumbatiana. Binti yangu, ambaye ndiye aliyenileta kwa gari kutoka Migosi, aliona. Aliniuliza kama yule mama mrefu amewahi kunikosea. Nikamwambia tulilala chumba kimoja karibu mwaka mzima tulipokuwa wasichana. "Basi mbona mnaangaliana hivyo?" akasema. Jibu lenyewe ni mwaka ule, na kwa kuwa katika watu wa nyumba ile tumebaki mimi na Salome tu, acha niueleze.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na mwalimu wangu wa baiolojia aliniambia kuna daktari wa wanyama, Mzungu, anayetafuta msichana anayeweza kutazama kwenye hadubini bila kulalamika macho. Nyumba aliyopanga ilikuwa chini ya Kisian, karibu na ziwa, mali ya mfanyabiashara wa pamba aliyekuwa amehama. Ilikuwa na veranda pana na sakafu ya saruji nyekundu, na harufu ya mbegu za pamba haikutoka hata tulipopiga deki kwa sabuni kali. Sebule ndiyo iliyokuwa maabara. Chumba cha kulia kilibaki chumba cha kulia, ila kabati lake la vyombo lilijaa chupa za sampuli, na ilibidi uangalie vizuri kabla ya kushika chupa ukidhani ni ya siki. Mimi na Salome tulipewa chumba cha nyuma, chenye vitanda viwili vya chuma na dirisha lililotazama mabanda ya wanyama na, mbele ya mabanda, mafunjo marefu yaliyosimama ndani ya maji hadi upeo wa macho.

Salome alikuwa amesomea afya ya mifugo. Alinizidi miaka mitatu au minne, alinizidi urefu, na alinizidi kunyamaza. Dereva alikuwa Nyagudi, kijana mwenye mabega mapana aliyezaliwa hapo hapo mlimani na aliyekuwa na mke mchanga nyumbani. Mpishi alikuwa Mzee Okumu, ambaye alikuwa amepikia Wazungu tangu kabla ya uhuru na aliyeamini kwamba hakuna Mzungu aliyewahi kumwambia ukweli wote. Na Daktari mwenyewe aliitwa Lorne. Alikuwa mwembamba, magoti yake mekundu muda wote kwa jua, na Kiswahili chake alikuwa amejifunza kwa Nyagudi, kwa hiyo alikizungumza kwa lafudhi ya Kijaluo, jambo lililotuchekesha miezi ile ya kwanza tulipokuwa bado tunacheka.

Kabla ya kuja kwetu Daktari Lorne alikuwa ametumia miaka mingi kuchunguza afya ya ayala wekundu katika milima ya kwao, kule kwenye baridi. Neno ayala tulilijua kutoka kanisani, ila hatukuwahi kufikiria kwamba ni mnyama ambaye mtu anaweza kumpima kinyesi. Alikuwa ametundika pembe moja ya ayala ukutani, pembe yenye matawi kama mti mkavu. Jioni moja Mzee Okumu, akiwa ameleta chai, alimuuliza alimuuaje mnyama mkubwa hivyo.

"Sikuua," Daktari akasema. "Hii niliokota. Pembe ilianguka, ikaacha mnyama. Halafu mnyama anaota ingine."

"Inaanguka yenyewe?"

"Yenyewe. Kila mwaka."

Mzee Okumu aliweka birika chini polepole. Alirudi jikoni, na mimi niliyekuwa nikisuuza chupa kwenye karo nilimsikia akimwambia Nyagudi, "Umesikia huyo? Mnyama anaangusha pembe kama mti inaangusha majani. Na amesema na uso mkavu kabisa! Mtu akikudanganya kwa maneno ya pembe, maneno ya maana atakuambia nini?" Nyagudi alicheka. Mimi pia nilicheka, lakini nakumbuka nilipopita sebuleni niliitazama ile pembe kwa jicho jipya, nikajiuliza ni nini kingine katika nyumba ile tulichoambiwa tu na hatukukiona.

Kazi yetu ilihusu nzohe. Huyo ni swala wa mafunjoni, mwenye manyoya marefu yasiyopitisha maji na kwato ndefu zilizotanuka ili asizame kwenye matope. Akifukuzwa hujitosa ziwani na kubakiza pua tu juu ya maji. Daktari alitaka kujua nzohe wanaugua nini, na kama minyoo ya ini iliyokuwa ikimaliza ng'ombe za watu pale ukingoni ilikuwa ikitoka kwa nzohe kwenda kwa ng'ombe, au kwa ng'ombe kwenda kwa nzohe. Kwa hiyo tulichukua damu, tukachukua kinyesi, tukaweka kila kitu kwenye chupa zenye lebo na chupa kwenye sanduku la barafu. Mimi nilitafuta mayai ya minyoo kwenye hadubini. Ilikuwa kazi nzuri. Niliipenda kuliko kazi yoyote niliyofanya baadaye.

Lakini watu walikuwa wakituangalia. Nikienda sokoni Kisian, kina mama waliokaa nyuma ya mafungu ya omena, dagaa wa ziwani, walinyamaza nilipokaribia na kuanza tena kuongea nilipopita. Mmoja alinishika mkono akaniuliza, kwa upole kabisa, kama anayesema na mwanawe, "Nyathina, hiyo damu mnapeleka wapi?"

"Hatuipeleki mahali, Mama. Tunaiangalia tu."

"Kuangalia tu? Kila wiki? Kwani damu ni sinema?"

Wenzake walicheka, ila yeye hakucheka. Ng'ombe walikuwa wamekufa katika boma lake, na mbele yake palikuwa na msichana aliyeshiba anayetoka nyumba yenye sanduku la damu. Leo ningeketi naye nimweleze kila kitu tangu mwanzo. Siku ile nilikasirika, nikanunua nyanya zangu nikaondoka.

Nzohe tuliwakamata kwa kuwafukuza. Daktari aliajiri wanaume wa vijiji vya karibu, wenye mbwa na mitumbwi, akanunua nyavu nene. Tulianza alfajiri. Wanaume waliingia mafunjoni wakipiga madebe, mbwa wakibweka, mitumbwi ikizuia upande wa ziwa, na nzohe wakakimbia huku na huku katika matope hadi jua likawa kichwani, ndipo wakaingia nyavuni mmoja mmoja, ndimi nje, macho yamegeuka. Nyagudi ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Aliwashika pembe na kuwalaza chini bila kuwaumiza, akiwaambia kwa Dholuo watulie, watulie. Tuliwafunga macho kwa vitambaa, tukawapakia kwenye Landrova hadi mabandani. Siku hiyo tulirudi tukiimba. Kabla ya hapo tulikuwa na nzohe mmoja tu, jike mchanga aliyeokotwa amelala kwenye majani akiwa bado ananyonya. Nyagudi alikuwa amembeba mikononi hadi nyumbani na Salome akamlea kwa chupa. Tulimwita Nyanam, binti wa ziwa. Sasa tulikuwa na kundi.

Dume wa kwanza alikufa kabla ya wiki kwisha. Jioni alisimama vibaya, shingo imekakamaa, miguu migumu kama ya meza, na mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Asubuhi alikuwa amelala chali. Daktari na Salome walimpasua juu ya meza ya mbao nyuma ya nyumba, mimi nikishika chupa. Kisu kilipofungua paja, nyama ya ndani ilikuwa nyeupe. Haikuwa nyekundu kama nyama ya swala, ilikuwa nyeupe kama ya kuku. Daktari aliitazama kwa muda mrefu. Kisha alifunika paja lile kwa gunia na kutuambia twende tukaoshe vyombo, yeye atamaliza peke yake. Salome aliniangalia. Daktari hakuwahi kutufukuza mezani kabla ya siku ile.

Akafa wa pili, kisha wa tatu, wote namna ile ile. Baada ya wa tatu Daktari alikuja mezani akaketi bila kunawa uso. "Nadhani kuna mtu anatia sumu," akasema. Alisema kwa Kiingereza, na alipoona Mzee Okumu amesimama mlangoni na bakuli la mchuzi, akarudia kwa Kiswahili.

Tangu siku hiyo nyumba ile ilibadilika. Daktari alifunga stoo ya majani kwa kufuli na funguo akazivaa kiunoni. Aliwachotea wanyama maji mwenyewe. Mzee Okumu, bila kuombwa, alianza kuonja chai mbele ya Daktari kabla ya kummiminia, akimeza kwa sauti ili asikike, na sijui kama ilikuwa heshima au tusi. Wanaume wa kijiji waliotusaidia kukamata walikatazwa kupita karibu na mabanda, nao wakaenda kusema kwamba tumeanza kuficha mambo. Nilijikuta nikisikiliza nyayo. Ulikuwa ugonjwa, nasema leo, na ulituingia wote bila kuhitaji sindano. Mtu akikohoa chumba cha pili, nilijiuliza anamkoholea nani.

Nilianza kwa kumshuku Salome. Mjomba wake alikuwa na ng'ombe ukingoni pale na alikuwa amepoteza kadhaa, nikawaza huenda anawalaumu nzohe. Kila jioni, jua likishuka, Salome aliteremka mabandani na kopo mkononi, na akirudi kopo lilikuwa tupu. Nilivumilia siku chache, kisha nikamngoja kitandani.

"Unawapelekea nini?"

Alivua viatu vyake taratibu. "Maji ya chumvi. Nyanam anapenda. Na wewe, wale wamama wa sokoni mnaongea nini nao?"

"Nanunua nyanya."

"Unanunua nyanya kwa muda mrefu sana, Awuor."

Akajilaza. Halafu, akiwa amenipa mgongo, akasema jambo ambalo lilipaswa kunifungua macho. "Nyanam anakula majani yale yale. Anakunywa maji yale yale. Na yeye ni mzima. Kama ni sumu, basi ni sumu inachagua." Lakini mimi nilisikia maneno mengine. Nilisikia kwamba yule anayelishwa na Salome ndiye asiyekufa.

Siku iliyofuata, kama si ya pili yake, Nyagudi alinipeleka mjini kuchukua barafu. Nilipoinama kuokota kitambaa changu niliona chini ya kiti chake debe dogo la dawa ya kupe, ile wanayotia kwenye josho la ng'ombe. Sikumuuliza. Nilirudi nikamwambia Salome, chumbani, mlango umefungwa. Nilimwambia kwa sababu nilitaka kuona uso wake. Uso wake haukusema kitu. Sikumwambia mtu mwingine yeyote.

Polisi walikuja wiki hiyo hiyo, saa ya chakula cha mchana. Tulikuwa tumeketi veranda ya nyuma, mimi, Salome na Nyagudi, tukila ugali na ngege wa kukaanga. Askari walikwenda moja kwa moja kwenye Landrova, wakatoa debe, wakamwita kwa jina. Nyagudi aliwatazama, akamtazama Daktari aliyekuwa amesimama nyuma yao. Aliomba maji, akanawa mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, akaikausha kwa shati lake. "Hiyo ni ya ng'ombe za mzee wangu," akasema. Askari mmoja akamwambia ataeleza kituoni. Walipoondoka, samaki wake alibaki kwenye sahani amefunguliwa upande mmoja, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiondoa ile sahani.

Mke wake alikuja kesho yake akasimama getini. Alikuwa mjamzito. Hakupiga kelele. Alisimama tu, na Daktari alipita nyuma ya mapazia kutoka chumba hadi chumba asionekane. Mimi ndiye niliyemtolea maji. Aliyapokea, akayamwaga chini taratibu bila kuyaonja, akanirudishia kikombe.

Kisha nzohe mwingine akafa, na Nyagudi yuko ndani. Nilidhani Daktari angesema basi, si Nyagudi. Alisema huenda sumu hufanya kazi polepole. Nilimwona akisema hivyo, macho yake yakiwa kwenye chumvi iliyokuwa mezani, na kwa mara ya kwanza nilimshuku yeye mwenyewe.

Mizoga ilipaswa kuchomwa shimoni nyuma ya jiko, na kazi hiyo ilikuwa ya Mzee Okumu. Alasiri ile nilitazama dirishani nikaona moshi mdogo sana kwa mnyama mkubwa vile. Baadaye nikamwona Mzee Okumu anapita nyuma ya mabanda na gunia begani, akigeuka geuka. Nilimfuata. Nilipofika kwenye kona ya banda nikakuta Salome amejibanza pale pale, naye anamfuata. Tulitazamana kwa chuki kidogo, kisha tukatoka pamoja.

"Mzee, umebeba nini?"

Alishtuka hadi gunia likaanguka, na kutoka ndani ukachomoza mguu wa nyuma wa nzohe, umechunwa vizuri na kukatwa kama wa buchani. Mzee Okumu hakukimbia. Aliketi juu ya jiwe, akavua kofia yake.

"Mimi sijawahi kuchoma nyama mzima maishani mwangu," akasema. "Nachoma ngozi na matumbo. Nyama ni ya kukula. Watu wangu wamekula yote, tangu ile ya kwanza."

"Yote? Na ile ya sumu?" nikauliza.

"Sumu gani? Angalia mimi. Nimeanguka?" Kisha akatutazama mmoja mmoja, na nadhani alikuwa amebeba siri hiyo kwa uchovu, maana aliitoa kama mtu anayetua mzigo. "Na nyinyi mnafikiri ile mbuzi laini ya Jumapili ilitoka wapi? Daktari ananipa pesa ya kuku, mbuzi nitanunua na nini?"

Salome alijishika mdomo. Nilidhani atatapika, kumbe alikuwa akiwaza. "Maini je?" akauliza. "Maini pia ulikula?"

"Maini ndiyo tamu kuliko yote."

"Awuor," Salome akaniambia, na ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kuniita jina bila ukali, "sumu ya josho ingekaa kwenye maini. Huyu mzee angekuwa amezikwa."

Kumshawishi azungumze kulichukua muda. Alisema ataitwa mwizi na kufukuzwa, na nani tena atamwajiri mpishi mzee anayeiba mizoga. Salome hakumbembeleza. Alimwambia tu kwamba mke wa Nyagudi atajifungua mume akiwa ndani. Mzee Okumu alivaa kofia yake. "Haya. Lakini nitasema mwenyewe. Msinisemee."

Alisema jioni hiyo hiyo, mezani, akiwa amevaa aproni yake nyeupe iliyopigwa pasi, mimi na Salome tukiwa tumesimama mlangoni. Alieleza mguu kwa mguu, bega kwa bega, na nyama ya kila Jumapili. Daktari alikuwa ameshika uma. Aliushusha.

"Maini pia?"

"Maini pia, Bwana Daktari. Na wewe umekula nyama. Uliomba kuongezwa."

Nilitegemea hasira. Badala yake Daktari aliisukuma sahani mbele, akafunika uso kwa viganja, na alipovitoa alionekana mzee. Alianza kueleza kwa Kiswahili, akikosa maneno akaendelea kwa Kiingereza. Alisema kwao waliwahi kuwakusanya ayala mlimani, watu juu ya farasi, mbwa, kelele, kutwa nzima, hadi wakawaingiza zizini. Ayala walionekana wazima. Kisha wakaanza kukakamaa na kukojoa mweusi, wakafa mmoja mmoja, siku baada ya siku, na nyama ya mapaja yao ilikuwa nyeupe. Hakuna aliyewagusa. Ni mbio zilizowaua, mbio na hofu. Misuli inaungua kwa ndani, na mnyama anaendelea kusimama kwa siku kadhaa akiwa tayari amekwisha. Nikamkumbuka Nyanam, ambaye hakuwahi kufukuzwa, aliyeletwa mikononi mwa Nyagudi.

"Kwa hiyo uliona," Salome akasema. "Siku ya kwanza. Ulipofunika na gunia."

Daktari aliugeuza uma uliokuwa mezani. "Kwa ayala nilijua," akasema. "Kwa nzohe sikutaka kujua."

Nimeyafikiria maneno hayo miaka yote hii. Kuna siku nayaamini: mtu aliyevuka bahari na nyavu zake, ambaye kazi yake yote ilitegemea kukamata, anaweza kweli kutazama paja jeupe na kujiambia kuna jirani mwenye sumu. Kuna siku nyingine naona alijua kabisa, na kwamba alihitaji mtu wa kubebeshwa, na Nyagudi alikuwa na debe. Sikupata kumuuliza, na hata ningemuuliza nisingejua kama jibu ni kweli.

Asubuhi tulikwenda kituoni sote wanne, Daktari akiendesha vibaya. Sajenti alisikiliza maelezo ya Mzee Okumu, akachanganyikiwa. "Sasa mwizi ni huyu?" akauliza, akimtazama Mzee Okumu. Daktari akasema hakuna mwizi, ni yeye aliyempa nyama ile. Ulikuwa uongo, na ndiyo siku niliyompenda kidogo. Alisema hakuna aliyeua nzohe ila yeye, kwa jinsi alivyowakamata, na sajenti akamtazama kama tulivyomtazama sisi siku ya pembe.

Nyagudi alitolewa. Jicho moja lilikuwa limefura likafunga, na alitembea akiwa amejishika ubavu. Daktari alimfungulia mlango wa mbele wa Landrova. Alimwambia samahani kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa Dholuo. Nyagudi aliyasikiliza maombi yote ya msamaha hadi mwisho, akiitikia kwa kichwa kwa adabu, kisha akamwambia, "Sawa, Daktari. Mimi nitatembea." Akatembea. Tulimpita barabarani polepole, Daktari akisimamisha gari kila baada ya muda, naye akipita bila kuangalia ndani.

Waliobaki mabandani tuliwaachia wiki hiyo. Salome aliwafungulia asubuhi, hakuna mbwa, hakuna debe, tukakaa mbali hadi wakaondoka wenyewe kuelekea majini. Nyanam aliondoka wa mwisho, akarudi kunusa mkono wa Salome, akaondoka tena. Mradi haukudumu sana baada ya hapo. Daktari alibaki akiokota kinyesi ukingoni na kupima ng'ombe za watu, ambao sasa walimruhusu, maana habari kwamba alikwenda kituoni kujishtaki ilikuwa imefika sokoni kabla yetu. Yule mama wa omena alileta ng'ombe wake wawili kupimwa. Nyagudi hakurudi kazini. Alipata kazi ya kuendesha trekta za miwa Muhoroni, na huko ndiko alikolelea watoto wake.

Mimi na Salome tulimaliza miezi iliyobaki katika chumba kile kimoja. Kitu kimoja kilikuwa katikati ya vitanda vyetu na hatukukigusa. Debe nililiona mimi, na nilimwambia yeye tu. Polisi walikuja wakijua kiti gani cha kuinua. Kwa hiyo ni yeye aliyesema. Nilimngoja akiri, na niliona kwamba hata yeye ananingoja, na hilo likanikasirisha zaidi. Siku ya kuondoka alifunga sanduku lake nikiwa sokoni. Niliporudi, kitanda chake kilikuwa kimetandikwa.

Baada ya mazishi mke wa Nyagudi, sasa bibi mwenye mvi anayeitwa na wote Mama Akeyo, alituita ndani sisi wawili tunywe chai mbali na kelele za turubai. Jikoni palikuwa na joto na harufu ya moshi. Alitumiminia kikombe kimoja kimoja, akasema mzee alikuwa akitukumbuka, wale wasichana wawili wa nyumba ya pamba. Nikaona Salome ameweka kikombe chini.

"Mama Akeyo," akasema, "kabla sijafa nataka kusema. Mimi sikusema juu ya lile debe. Awuor alikuja akaniambia, na mimi sikumwambia mtu."

"Na mimi sikusema kwa mtu mwingine," nikasema. "Ulikuwa wewe peke yako."

Tulitazamana juu ya meza ile, vikongwe wawili, na nilikuwa bado tayari kutomwamini. Mama Akeyo alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kama mtu anayesikia watoto wakigombania kitu kisichokuwapo.

"Debe gani? La dawa ya kupe? Alisema mwenyewe."

"Nani?"

"Mzee wangu! Daktari alimuuliza, kuna mtu hapa ana dawa ya josho? Akasema ndiyo, mimi, iko chini ya kiti changu, ya ng'ombe za baba. Alikuwa hana cha kuficha. Hata kule ndani wakimpiga wanamuuliza nani mwenzako, anawaambia, kama ningekuwa na ubaya ningeitaja mwenyewe?" Alichukua sukari, akaongeza kwenye chai yake. "Alikuwa anasema hiyo maneno kila Krismasi. Mlifikiri ni nani?"

Salome alinyoosha mkono juu ya meza na mimi nikaushika, ukiwa mkavu na wenye mifupa, na sijui ni nani kati yetu aliyeanza kulia. Nje binti yangu alipiga honi, maana wingu lilikuwa linakuja kutoka ziwani na barabara ya mlimani huharibika mvua ikinyesha. Akapiga tena. Nikamwita mjukuu mmoja wa Nyagudi aliyekuwa mlangoni, nikamtuma akamwambie azime gari.